Antena ya Maiki Isiguse Ngozi: Mwongozo Kamili kwa Mafundi Sauti wa Mwanza na Kando ya Ziwa

Mchana maiki isiyo na waya imejaribiwa ikiwa mezani, sauti safi kabisa. Jioni MC ameivaa, ukumbi umejaa, shati limelowa jasho chini ya koti, na kila akigeukia meza ya wazazi sauti inakatika. Fundi anabadili betri, anahamisha masafa, mwishowe anailaumu risiva, kifaa kinachopokea mawimbi. Mara nyingi tatizo liko kiunoni kwa mvaaji: antena ya transmita, kisanduku kinachorusha sauti ya maiki, imelala juu ya ngozi yenye jasho. Kuirekebisha hali hiyo hakuhitaji mtambo mpya. Kunahitaji mpira, povu, dakika chache za kupima, na kuelewa kwamba kinachookoa mawimbi ni umbali kati ya antena na mwili. Kuifunika tu antena hakutoshi.

Ngozi inafanya nini kwa antena

Transmita nyingi za kiunoni hufanya kazi katika bendi ya UHF, yaani mawimbi ya redio ya mamia ya megahezi, na antena yake hukatwa kwa urefu wa robo ya wimbi. Hesabu ni rahisi: gawanya 300 kwa masafa ya megahezi, upate urefu wa wimbi kwa mita. Megahezi 600 ni nusu mita, kwa hiyo robo yake ni sentimita 12.5. Megahezi 500 ni sentimita 15. Ndiyo maana antena za seti mbili tofauti hazilingani urefu, na ndiyo maana haifai kuipunguza kwa mkasi au kuazima ya seti nyingine kwa sababu tu nati yake inaingia.

Mwili wa mtu ni maji yenye chumvi. Ukiugusisha na antena, mambo mawili hutokea kwa pamoja. Kwanza, antena hujikuta kama imerefuka: katika nyama ya mwili wimbi la UHF hufupika zaidi ya mara saba kuliko hewani, kwa hiyo ule urefu uliopimwa kiwandani haufai tena na nguvu nyingi hushindwa kutoka. Pili, ile nguvu inayofanikiwa kutoka humezwa na mwili wenyewe na kugeuka joto dogo. Hasara ya desibeli 10 si ajabu, na jasho likizidi inaweza kufika 20 na kupita. Desibeli 10 maana yake transmita ya miliwati 30 inabaki kama ya miliwati 3. Desibeli 20 inabaki kama ya miliwati 0.3. Kwa umbali, kupoteza desibeli 10 mahali pa wazi kunakuacha na takriban theluthi moja ya umbali uliokuwa unafika.

Kuongeza nguvu hakuzibi pengo hilo. Kutoka miliwati 10 kwenda 50 unapata desibeli 7 tu, betri zinaisha haraka, na ukiwa na maiki nyingi jukwaani zinaanza kuingiliana. Milimita nane za povu zinasaidia kuliko swichi ya kuongeza nguvu.

Wapo wanaodhani kinga hii ni kwa ajili ya kuepuka mionzi. Nguvu ya vifaa hivi ni ndogo sana. Tunachokilinda hapa ni mawimbi dhidi ya mwili, pamoja na soketi na shingo ya antena dhidi ya kutu ya jasho.

Pima kwanza kwa dumu

Kupima kwa kumsimamisha mtu saa nzima kunachosha, na mtu hatulii. Tumia dumu la plastiki la lita 20. Lijaze maji, weka gramu 100 za chumvi ya mezani, yaani gramu 5 kwa kila lita, utikise hadi iyeyuke. Maji hayo hupitisha umeme karibu sawa na nyama ya mwili wa binadamu, kwa hiyo antena italiona dumu hilo kama mtu aliyesimama. Lizungushie kitambaa cha pamba kilicholoweshwa kwa maji hayohayo. Hiyo ndiyo ngozi yenye jasho.

Fanya kazi hii nje, kwenye uwanja mpana au ufukweni, kwa sababu ndani ya ukumbi kuta na mabati hurudisha mawimbi na kuchafua vipimo. Weka dumu juu ya stuli ya mbao au ya plastiki, kamwe isiwe ya chuma. Risiva iwe hatua 25 hadi 30 kutoka hapo, antena zake zikiwa juu ya kimo cha mtu. Kisha:

1. Ining'inize transmita kwa uzi kutoka kwenye fimbo, ikiwa mbali na dumu angalau sentimita 30. Soma kipimo cha mawimbi kwenye risiva. Hiki ndicho kiwango chako cha juu.
2. Ifunge kwenye dumu, antena ikibanwa kabisa kwenye kitambaa chenye maji. Soma tena.
3. Ifunge na kinga utakayotengeneza kama inavyoelezwa hapa chini. Soma.
4. Kila hatua irudie mara tatu, kila mara ukisogeza stuli nusu mita, na uligeuze dumu pande nne. Chukua wastani, usichukue usomaji mmoja uliokufurahisha.

Ikiwa risiva yako haina tarakimu bali taa tu, na taa zote zinawaka hata antena ikiwa imebanwa, ongeza umbali au shusha nguvu ya transmita hadi taa zianze kupungua. Kipimo kilichojaa hakikwambii chochote.

Waya wa maiki uache ukining'inia kama utakavyokuwa siku ya kazi. Usipoweka waya, kipimo ni cha uongo. Sababu tutaiona mbele.

Vifaa, na vile vya kuepuka

Mpira mwangavu ambao mafundi ujenzi hupimia levo ya maji unapatikana karibu kila duka la vifaa vya ujenzi. Chukua wenye tundu la milimita 8 hivi. Nusu mita inatosha antena tatu. Ongeza kandambili mpya za rangi nyepesi, plasta ya hospitali ya kitambaa, gundi ya fimbo ya kuyeyusha, lastiki pana ya sentimita 4, na velkro. Kwa kuzuia jasho, glovu za daktari zisizo na poda na vifuko vya nailoni vya kujifunga.

Soli ya kandambili ni povu lenye vijishimo vilivyofungwa, halinyonyi maji. Sponji la godoro ni kinyume chake: likilowa jasho linakuwa ngozi ya pili, na antena inaumia kama kawaida. Povu lolote lipime kwa kulizamisha saa nzima chini ya jiwe, kisha lipanguse na kulikamua. Likitoa maji, liache. Povu jeusi linalokuja ndani ya maboksi ya vifaa vya elektroniki huweza kuwa na kaboni na kupitisha umeme. Hilo hata usiliguse kwa kazi hii. Kwa sababu hiyohiyo chagua kandambili nyeupe, njano au buluu nyepesi. Rangi nyeusi huweza kuwa na kaboni ambayo hata mita yako ya umeme haitaionyesha.

Kosa kubwa kuliko yote ni foili ya jikoni. Mtu anasikia neno kinga, anazungushia antena foili au tepu ya alumini, na maiki inakufa papo hapo. Metali huzuia mawimbi kutoka. Karibu na antena pasiwe na foili, wala bizimu ya mkanda, wala funguo, wala simu.

Nailoni nyembamba, kondomu au kidole cha glovu huzuia jasho lisifike kwenye chuma, na kwa hilo vina kazi yake. Lakini unene wake ni sehemu ndogo ya milimita. Kwa mawimbi ni kama antena bado imegusa ngozi. Wengi wameifunga transmita nzima kwenye nailoni, wakaona bado inakatika, wakahitimisha kwamba kinga haifanyi kazi. Wameweka koti la mvua, hawajaweka nafasi.

Kinga ya mpira

Hii ndiyo njia tunayoipendekeza kwa antena ya waya mwembamba unaopinda.

Pima antena kuanzia kwenye shingo hadi ncha. Kata mpira ukiwa mrefu kwa sentimita 2 zaidi. Antena ya sentimita 12.5 inataka mpira wa 14.5. Mpira wa levo huuzwa ukiwa umeviringwa na hukataa kunyooka. Utumbukize kwenye maji ya moto yasiyochemka kwa dakika moja, ufunge kwenye fimbo iliyonyooka, uache upoe kabisa ukiwa umefungwa. Ukiruka hatua hii mpira utaivuta antena irudi mwilini kila saa.

Sasa sehemu inayosahaulika. Ukiiingiza antena ndani ya mpira ikiwa huru, itaegemea ukuta mmoja, na mara nyingi ni ule wa upande wa mwili. Unene wa ukuta ni milimita moja hadi moja na nusu, na hiyo haitoshi. Lazima antena ikae katikati. Kata vipande vitatu vya povu la kandambili, kila kimoja urefu wa sentimita 1 na upana unaoingia kwenye mpira kwa kubana kidogo. Vitoboe katikati kwa msumari mwembamba uliopashwa moto, ukiwa nje, maana moshi wake ni mbaya. Vivalishe kwenye antena kama pete: kimoja karibu na shingo, kimoja katikati, kimoja karibu na ncha. Kilichobaki kati yao ni hewa, na hewa ndiyo kihami bora. Usijaze mpira mzima kwa silikoni ya bomba au gundi, kwa kuwa plastiki nzito kuizunguka antena pande zote nayo huisogeza kidogo kutoka kwenye masafa yake.

Ncha izibe kwa gundi ya fimbo, kizibo cha milimita 5. Weka kizibo mpirani kabla ya kuingiza antena, kipoe, kwani gundi ya moto huharibu ganda la antena. Upande wa shingo usitumie gundi. Zungushia plasta mara moja na nusu, ili baada ya shughuli uweze kuvua na kukausha. Ukimaliza, shika mpira na uupinde taratibu: antena ipinde nayo, isitoke kwenye pete, na shingo isibebe uzito. Shingo ndiyo huvunjika, hasa kwa transmita ambazo antena yake haifunguki.

Kinga hii inaiweka antena milimita 5 hivi kutoka nje ya mpira. Kwa MC wa ukumbini inatosha. Kwa mchezaji ngoma haitoshi.

Ukanda wa kandambili kwa wanaotoka jasho sana

Fikiria Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma kule Bujora, mwezi wa 6, vikundi vya Bagika na Bagalu vikishindana saa nzima juani. Ukimvalisha kiongozi wa ngoma maiki, jasho halitakuwa la kulowesha shati tu, litakuwa la kutiririka. Hapo ongeza ukanda.

Kutoka kwenye soli yenye unene wa milimita 12, kata kipande cha upana wa sentimita 3 na urefu wa antena ukiongeza sentimita 3. Upande utakaotazama nje chimba mfereji wenye kina cha milimita 4 kwa kisu kikali. Nyuma yake zinabaki milimita 8 za povu. Kingo zote zilainishe kwa msasa, zisionekane kwenye nguo wala kuchubua mgongo. Antena iliyovaa mpira ilale kwenye mfereji, ishikwe kwa vipande viwili vyembamba vya plasta, kimoja karibu na ncha na kimoja katikati. Jumla unapata zaidi ya milimita 12 kati ya waya na mwili, na tofauti yake kwenye dumu utaiona mwenyewe.

Fundi cherehani anaweza kukushonea mkanda wa lastiki wenye mfuko wa transmita na mfuko mrefu wa huo ukanda wa povu. Mwambie mambo matatu: velkro badala ya bizimu ya chuma, kitambaa cha pamba au polista ya kawaida, na pasiwe na nyuzi za kung'aa. Mifuko miwili iachane kidogo ili mtu akiinama povu lisisukume shingo ya antena.

Kuvalisha

Waya wa maiki si wa kupeleka sauti pekee. Antena ya robo wimbi inahitaji nusu yake ya pili, na kwenye transmita ndogo nusu hiyo ni kisanduku chenyewe pamoja na ngao ya waya wa maiki, zile nyuzi za chuma zinazouzunguka ndani. Ukiuzungusha waya uliobaki kwenye antena, unazifuta zote mbili. Antena ielekee upande mmoja, waya uelekee mwingine. Zikilazimika kupishana, zipishane kama msalaba. Waya uliozidi uviringe duara la sentimita 8 hivi, ukae chini ya kisanduku.

Kabla ya waya kuingia kwenye soketi, uache ushuke chini ya kiwango cha soketi ndipo upande. Jasho linaloteleza kwenye waya litadondokea kwenye kona hiyo badala ya kuingia ndani. Kwa wacheza ngoma unaweza kugeuza transmita kichwa chini, lakini hakikisha kwanza antena haikunjwi mtu akikaa.

Mahali pazuri ni nyuma ya nyonga, upande unaotazama risiva kwa muda mrefu zaidi. Katikati ya mgongo pana shida kwa mchungaji anayekaa kitini kati ya nyimbo na mahubiri: mgongo wa kiti unaibana antena mwilini, na anaposimama tayari imepinda. Kwa mtu mwenye kiuno kinene, nyama huizunguka antena pande tatu anapoketi. Mpe ukanda wa povu hata kama hatoki jasho.

Nguo nazo zina maneno. Lesi na mitandio yenye nyuzi za dhahabu au fedha huweza kuwa na metali ndani yake. Gauni la harusi lenye koseti ya vyuma ya kubana kiuno ni baya zaidi. Kwa bibi harusi atakayesema neno la shukrani, maiki ya mkononi ni jawabu bora kuliko kuhangaika. Akina mama wanaovaa dera au kitenge bila mkanda wapewe ule mkanda wa lastiki chini ya nguo. Avalishwe na mwanamke mwenzake, na aombwe ruhusa kwanza: "Samahani mama, tunaomba dada huyu akufunge kamkanda haka." Usibandike plasta moja kwa moja kwenye ngozi ya mtu bila kumuuliza kama inamdhuru, na uulize hivyohivyo kuhusu mpira wa glovu.

Funga transmita kwenye kifuko cha nailoni na shingo ya antena kwa kidole cha glovu kilichokatwa ncha. Wanaotumia kondomu wachague isiyo na mafuta. Mafuta yale huingia kwenye swichi na soketi na hayatoki kirahisi. Mafuta ya mgando nayo hulainisha na kupasua mpira wa glovu, kwa hiyo mchezaji aliyejipaka mgongoni ajifute kwanza.

Zile maiki ndogo za kubana kifuani

Seti ndogo za gigahezi 2.4 hazina antena ya nje. Imo ndani ya kisanduku, na urefu wa robo wimbi ni kama sentimita 3 tu. Mwili huzikata kuliko zile za megahezi 500 au 600: mtu akigeuka mgongo, risiva inapoteza. Zibane nje ya nguo, kifuani, upande wa kamera. Kama ni lazima kuficha, weka kipande cha kandambili cha milimita 10 chenye ukubwa wa kisanduku kati yake na mwili, na nguo ya juu iwe kavu. Kwa mahojiano ya soko la samaki la Mwaloni Kirumba, kati ya mabati na umati, risiva iwe mita 3 hadi 5 kutoka kwa msemaji na muonane ana kwa ana.

Ikiendelea kukatika

Mwambie mvaaji asimame palepale inapokatika, kisha ivute transmita sentimita 30 kutoka mwilini kwa mkono. Mawimbi yakipanda, tatizo bado ni mwili: kinga imeteleza, pete zimetoka, au antena imekunjwa. Yakibaki chini, shida iko kwingine. Sehemu moja ya jukwaa inayokatika kwa kila mvaaji ni mwangwi wa mawimbi, hasa chini ya mabati na karibu na maji tulivu ya ziwa. Sogeza risiva mita moja au mbili. Mwamba mkubwa katikati ya mtu na risiva, kama ilivyo kwenye fukwe zetu nyingi, hauna dawa ila kuhamisha antena za risiva mahali panapoonekana. Antena hizo zipandishe juu ya vichwa vya watu, maana umati nao ni miili. Zisikae ndani ya raki ya chuma.

Kukiwa na mlio wa shhh au taa ya mawimbi inawaka hata transmita ikiwa imezimwa, kuna mwingine kwenye masafa hayo. Televisheni ya dijitali hutumia megahezi 470 hadi 694, na bendi za 700 na 800 ni za simu. Seti ya zamani iliyo kwenye bendi za simu haiokolewi na povu lolote. Waulize TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, masafa yanayoruhusiwa kabla ya kununua nyingine.

Baada ya shughuli

Vua mpira usiku huohuo. Ukiuacha hadi asubuhi, chumvi hukauka kwenye shingo na kuanza kula chuma. Doa la kijani ndilo dalili. Futa shingo na soketi kwa pamba yenye spiriti ya isopropili isiyopungua asilimia 90. Sanitaiza ya jeli ina maji na gliserini, inaacha utando. Mpira na ukanda wa povu vioshe kwa sabuni na maji, vikauke kivulini, maana jua la mchana huvikunja. Transmita ikae kwenye kopo lenye vile vifuko vidogo vya kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, betri zikiwa zimetolewa.

Pete za povu zikagueni kila mwezi, na mkiona zimelegea kiasi cha kuteleza zenyewe kwenye antena, katazeni zisitumike tena, kisha kateni nyingine mpya. Kandambili moja inatoa pete za mwaka mzima.